Biashara ya mtandaoni inaishi kwa imani ya mteja

Novemba 2019 Jumia, kampuni ya kuuza vitu mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania. Miezi michache kabla, Aprili mwaka huohuo, kampuni hiyo ilikuwa imeingiza hisa zake katika Soko la Hisa la New York. Ilikuwa na tovuti, programu ya simu, jina linalojulikana na pesa za wawekezaji. Ilipoondoka, wapo waliosema Watanzania hawajawa tayari kununua vitu mtandaoni. Kauli hiyo haikuwa kweli hata siku ile iliposemwa. Wakati Jumia inafungasha virago, magauni, simu, viatu vya mtumba, keki za harusi na mashine za juisi vilikuwa vinauzwa kila siku kupitia Instagram na WhatsApp, kutoka Kariakoo hadi Tunduma, na wauzaji wengi hawakuwa na ghala wala tovuti.

Mnunuzi wa kwetu hununua kwa mtu. Anataka kujua anayempa pesa ni nani, anapatikana wapi, na mzigo ukija na kasoro atampigia nani. Duka lisilo na sura wala sauti halimjibu maswali hayo, hata likipunguza bei. Kijana mwenye simu moja anayeongea na wateja wake kila asubuhi anayajibu, na kwa sababu hiyo amedumu.

Anayetaka kuielewa biashara hii aanze na mawinga wa Kariakoo. Winga hana fremu, hana mzigo, na mara nyingi mtaji wake ni simu na bando. Asubuhi anapita maduka ya jumla ya Mtaa wa Kongo, Narung'ombe au Aggrey, anapiga picha mzigo ulioingia, anarekodi video fupi na kuiweka kwenye status na Instagram. Mteja wa Mbeya akiuliza, winga anamtajia bei ambayo tayari ina cha juu ndani yake. Mteja akishatuma pesa, winga anarudi dukani, anachukua bidhaa kwa bei ya jumla, anaifunga kwa nailoni na gundi ya karatasi, anaandika jina na namba ya mpokeaji kwa maka peni, kisha anaipeleka ofisi ya mabasi. Kabla hajaondoka pale anapiga picha risiti ya mzigo na kuituma. Kwa mteja wa mkoani, picha hiyo ya risiti ndiyo inayomrudishia usingizi.

Tuipige hesabu kwa mfano. Gauni lichukuliwe dukani kwa Sh18,000 na kuuzwa Sh25,000. Cha juu ni Sh7,000. Toa bando, nauli ya daladala, mfuko wa kufungia na makato ya kutoa pesa. Kinachobaki kinaweza kuwa Sh4,000. Wateja kumi kwa siku wanampa Sh40,000, na hiyo ni siku njema. Lakini gauni moja likirudi kwa sababu halikumtosha mteja, na winga akabeba gharama ya kulirudisha, faida ya magauni mawili matatu imekwenda. Ndiyo maana mawinga wenye uzoefu wanauliza vipimo vya mteja hadi wengine wanawaona wasumbufu.

Biashara hii haikuandaliwa na wizara wala na mwekezaji. Ilijengeka juu ya vitu vilivyokuwepo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008; mwishoni mwa 2024 akaunti za pesa za simu nchini Tanzania zilikuwa zimevuka milioni 60, na laini zinazotumia intaneti zaidi ya milioni 40. Kenya ilipata Lipa na M-Pesa mwaka 2013, na leo muuza mboga wa Nairobi ana namba yake ya kupokelea malipo kama alivyo nayo mwenye duka kubwa. Kusafirisha mizigo kunafanywa na mabasi ya mikoani, matatu na bodaboda. Kondakta anayekubali kubeba boksi la viatu hadi Songea ni mhimili wa uchumi wa kidijiti, ingawa hotuba za uchumi huo hazimtaji.

Kilichobaki kuwa adimu ni imani. Mteja anatuma pesa kwa mtu asiyemjua, na amekwisha kusikia habari za aliyelipia simu akapokea kipande cha sabuni, au aliyeagiza mzigo China kupitia ukurasa uliofutwa wiki mbili baadaye. Muuzaji naye ana hofu zake. Wapo wanaotuma ujumbe wa muamala wa kughushi. Wapo wanaosema watalipa wakipokea, halafu bodaboda akifika getini simu haipatikani. Kila upande unamtazama mwenzake kwa jicho la wasiwasi, na anayefanikiwa kuuondoa wasiwasi huo ndiye anayeuza.

Hapa ndipo ubunifu unapohitajika, na hapa ndipo semina nyingi za wajasiriamali zinapopotea. Zinafundisha ubunifu kama urembo: rangi za nembo, wimbo unaovuma, kichujio cha kung'arisha ngozi, kiki ya kuchekesha. Ubunifu unaouza hufanya kazi tofauti. Unamwezesha mteja kukijua kitu ambacho mkono wake haujakigusa.

Mtazame muuza magauni anayeijua kazi yake. Analivaa gauni mwenyewe, anataja urefu wake na uzito wake, kisha anatoka nalo nje juani kwa sababu taa za dukani zinadanganya rangi. Anashika kitambaa kwa vidole viwili na kukivuta, uone kama kinavutika. Anageuza ndani nje kuonyesha mshono na bitana. Anaweka futi ya fundi kiunoni na kuisogeza karibu na kamera. Mwisho anasema, "Hili jekundu linachuja, lifue peke yake." Sentensi hiyo ya mwisho inaonekana kama inamharibia biashara, kumbe ndiyo inayomfanya mteja aamini zote zilizotangulia. Fundi samani wa Keko anayeonyesha mbao kabla haijapakwa vanishi anafanya kazi ileile. Muuza viatu vya mtumba wa Karume anayegeuza kiatu na kuonyesha soli ilipolika, vivyo hivyo. Mpishi anayekata kipande cha keki mbele ya kamera amemjibu anayejiuliza kama ndani ni kavu.

Sasa nije kwenye jambo linaloiumiza biashara hii kuliko ushuru: desturi ya kuficha bei. Picha nzuri, maelezo mazuri, halafu chini yake "bei njoo DM". Wauzaji wana sababu zao. Hawataki mshindani aone wanauza kiasi gani. Wanaamini mteja akiingia inbox ni rahisi kumshawishi. Wengine wanasema maoni mengi ya "bei?" yanaufanya mtandao uusukume ukurasa wao mbele. Sababu hizo nazielewa, lakini nadhani hesabu yao haitoki. Mshindani atajifanya mteja na kuijua bei ndani ya dakika moja. Mteja wa kweli, mwenye bando la kuhesabu na watoto wa kupeleka shule, hatakaa kusubiri jibu. Atatelezesha kidole na kwenda ukurasa mwingine. Tena bei iliyofichwa inamwambia kwamba itategemea anavyoonekana kwenye picha yake ya wasifu. Kupatana bei ni sehemu ya soko letu na si vibaya, lakini sokoni unapatana huku kitambaa kiko mkononi. Mtandaoni mteja hana cha kushika, na bei ilikuwa kitu cha kwanza cha uhakika ambacho angepewa.

Maandishi nayo yamedharauliwa mno tangu video ishike kasi. Uchumi huu wa mtandaoni kwa Kiswahili ulianza na watu walioandika. Blogu ya Jikomboe ya Ndesanjo Macha ilionyesha mapema kwamba lugha yetu inatosha kwa kazi hiyo, na mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi alianzisha blogu iliyokuja kuwa mahali Watanzania wa ndani na wa ughaibuni walipopata picha na habari za nyumbani kila siku. Baadaye Millard Ayo, mtangazaji wa redio, alijenga chombo chake mwenyewe kuanzia blogu. Nchini Kenya, Jackson Biko amejipatia wasomaji waaminifu kupitia blogu yake ya Bikozulu na kuendesha mafunzo ya uandishi ya kulipia. Wote hawa walianza na blogu, na kwa walioifanya biashara, wasomaji walitangulia.

Tanzania ilikaribia kuikata njia hiyo mwaka 2018. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka huo zilimtaka mwenye blogu alipe Sh100,000 za maombi, Sh1 milioni ya leseni na Sh1 milioni nyingine kila mwaka. Kwa mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anaandika kuhusu mapishi au kilimo cha matikiti, hiyo haikuwa ada bali mlango uliofungwa. Wengi walifunga blogu zao na kuhamia Instagram, ambako hakuna aliyewadai leseni. Naona tulipoteza kitu kikubwa pale. Picha ya Instagram ya juzi imekwisha kufukiwa. Andiko zuri linaloeleza namna ya kuchagua mashine ya kukamua alizeti, lenye bei, uwezo wa mashine kwa saa na upatikanaji wa vipuri, linaweza kusomwa na mkulima wa Singida miaka mitano baadaye, naye akampigia simu aliyeliandika.

Kuna wanaoingia mtandaoni bila bidhaa, wakitegemea kulipwa kwa kutazamwa. Njia iliyozoeleka ya YouTube inadai wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukishaingia unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video zako, na malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Wachache wamefika mbali. Mtanzania Kili Paul alipata mamilioni ya wafuasi kwa kuigiza nyimbo za filamu za India, na Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimtunuku. Lakini muuza keki wa Tabata asiichukue njia yake kama ramani. Wafuasi elfu moja wanaoishi Tabata, Segerea na Kinyerezi wana faida kwake kuliko laki moja walioko Mumbai, kwa sababu keki haipandi ndege.

Hatari kubwa ya sekta hii ni kwamba karibu yote imejengwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Kwa kampuni kubwa ilikuwa hasara ya siku moja. Kwa winga ilikuwa duka, kaunta na daftari la wateja vimefungwa kwa mpigo. Tanzania nayo imewahi kuizima swichi yenyewe. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa, Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa, na uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ukaja na kuzimwa kwa intaneti kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na oda za keki wiki ile hakuwa na njia ya kuwapata wateja wake kama namba zao zilikuwa ndani ya inbox tu. Serikali inayosema vijana wajiajiri mtandaoni inapaswa kuzihesabu siku hizo kama siku za soko kufungwa.

Kodi imefika, na haitaondoka. Kenya ilipendekeza kukata asilimia 15 ya mapato ya watengeneza maudhui, kelele zikapigwa, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikatoka na asilimia 5. Tanzania nayo iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui mwaka 2024. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iliwataka wafanyabiashara wa mtandaoni wajisajili. Kupata namba ya mlipakodi (TIN) hakulipiwi, na mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka hayatozwi kodi ya makadirio. Wengi wanaojificha hawana cha kudaiwa, lakini kwa kujificha wanakosa mkopo wa benki na zabuni ya kupika keki za ofisi.

Kwa wewe unayeuza kwa simu, mambo manne unaweza kuyafanya wiki hii bila mtaji zaidi ya bei ya daftari. Andika bei chini ya kila picha. Andika ulipo, mtaa na alama ya karibu, hata kama unauzia sebuleni. Sema kasoro ya bidhaa kabla mteja hajaigundua. Kisha nunua daftari, uandike jina, namba ya simu na alichonunua kila mteja wako, kwa sababu ukurasa ukipotea kesho, daftari hilo ndilo litakalokurudisha kazini.