Nane Nane: Kabla ya kununua mbegu, zungumza

Kila mwaka maonesho ya wakulima hufikia kilele tarehe 8 Agosti. Kwetu Nyanda za Juu Kusini tunakutana viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Wengi wetu tunazunguka mabanda, tunapokea vipeperushi na kurudi na mfuko wa mbegu. Msimu ukifika, mahindi yanakauka kabla punje hazijajaa.

Mara nyingi mbegu haina kosa. Mbegu ya muda mrefu inafaa milimani, kwenye mvua za miezi mingi. Ukiipeleka bondeni, ambako mvua hukatika mapema, itakuangusha. Kipeperushi hakijui shamba lako liko wapi. Wewe unajua.

Kwa hiyo, ukifika bandani usianze na bei. Mweleze mtaalamu shamba lako liko wapi, mvua huanza na kuisha lini, na msimu uliopita ulipanda nini. Kisha msikilize. Anayekuuliza maswali kabla ya kukuuzia, huyo kaa naye. Anayesifia mfuko tu, mshukuru uendelee.

Muulize pia mbegu hukomaa kwa siku ngapi, na kama ni chotara, maana ukirudia kupanda punje za chotara mavuno hushuka.

Usimsahau mkulima uliyesimama naye hapo. Kama aliwahi kuipanda, atakwambia yasiyoandikwa kwenye mfuko.

Nanyi wenye mabanda, tunawaomba mpunguze sauti ya spika. Mkulima ana swali, na hamumsikii.