Kufunga Mwamba ili Pweza Wakue

Misaada inayopelekwa kwa wavuvi maskini aghalabu huwa ni nyavu, mashua au mashine. Vifaa hivyo huongeza nguvu ya kuvua, wala haviongezi kitoweo baharini. Katika kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, msaada wa namna nyingine ulijaribiwa mwaka 2004.

Wenyeji wa huko ni Wavezo. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wanawake hutembea juu ya mwamba wakitafuta matundu ya pweza na kuwachoma kwa vyuma vyenye ncha. Kazi hiyo haihitaji mtaji, kwa hiyo ndiyo tegemeo la walio maskini kabisa. Walipofika wanunuzi wa pweza wa kuuzwa ng'ambo, mwamba ulichokorwa bila kupumzika, na pweza wakavuliwa wangali wadogo.

Yafaa kujua maumbile ya mnyama huyu. Pweza wa mwambani aghalabu hafikishi miaka miwili, lakini hukua upesi ajabu. Uzito wake waweza kuongezeka mara kadhaa katika miezi michache. Jike hutaga mara moja tu maishani, mayai maelfu kwa maelfu. Huyalinda tunduni bila kula hata yaanguliwe, kisha hufa. Basi jike avuliwaye kabla ya kutaga hupotea pamoja na kizazi chake chote. Chewa angehitaji miaka kuonyesha faida ya kuachwa. Pweza huionyesha kabla subira ya watu haijaisha.

Kwa msaada wa Blue Ventures, shirika la hisani la Uingereza, wanakijiji walifunga sehemu moja ya mwamba kuanzia Novemba 2004 hadi Juni 2005. Sehemu nyingine ziliachwa wazi, maana mtu alaye alichovua leo hawezi kuambiwa angoje miezi saba. Mwamba ulipofunguliwa pweza walikuwa wakubwa zaidi, lakini watu walimiminika kutoka vijiji vingine, na faida ikaisha kwa siku chache. Ndipo vijiji jirani vilipoanza kupatana, na mwaka 2006 vikaunda eneo la pamoja la Velondriake, lenye sheria za kimila ziitwazo dina.

Mtindo huo umefuatwa pia Kisiwa Panza, Pemba, kwa msaada wa shirika la Mwambao. Huko nako, kama Madagaska, msaada hutumika zaidi katika mikutano, kupima pweza na doria, kwani mvuvi anayelinda mwamba usiku hukosa mavuno ya usiku huo.