Zahanati imeuzwa ukiwa mjamzito, miaka yako ya kazi inakwenda wapi?

Chukua mfano wa muuguzi mwenye mimba ya miezi mitano, aliyefanya kazi miaka tisa katika zahanati binafsi. Asubuhi moja yeye na wenzake wanaitwa ofisini na kuelezwa kuwa zahanati imepata mmiliki mpya. Kila mmoja anapewa karatasi mbili: barua ya kuacha kazi kwa hiari na mkataba mpya. Mshahara ni uleule, kituo ni kilekile. Wengi wanasaini na kurudi kwa wagonjwa.

Saini hiyo inaweza kuigharimu familia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haimruhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri yuleyule kudai kuwa ameachishwa kazi isivyo halali. Likizo yenye malipo nayo inamtaka mfanyakazi awe ametimiza miezi sita kazini. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Muuguzi huyu akihesabiwa kuwa ameanza upya, atajifungua kabla ya kutimiza miezi hiyo.

Kilichouzwa ni nini?

Hili ndilo swali la kwanza. Kama zilizouzwa ni hisa za kampuni, mwajiri kisheria ni kampuni ileile, hivyo mkataba na miaka ya kazi vinaendelea. Kama iliyouzwa ni biashara yenyewe, yaani vifaa, jengo na wateja, mwajiri amebadilika.

Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaihamisha mikataba ya wafanyakazi moja kwa moja kwa mmiliki mpya. Sheria ya Tanzania Bara haina kifungu cha namna hiyo, ndiyo maana maandishi yana uzito mkubwa.

Zipo njia mbili za haki. Ya kwanza, mwajiri mpya akubali kwa maandishi kuibeba miaka yote ya nyuma. Ya pili, mwajiri wa zamani awapunguze wafanyakazi kwa utaratibu: atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane nao, kisha awalipe.

Hesabu ya kiinua mgongo

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kikomo cha miaka 10. Muuguzi anayelipwa Sh520,000 kwa mwezi na kufanya kazi siku sita kwa wiki hupata Sh20,000 kwa siku. Kwa miaka tisa ni Sh1,260,000, mbali na malipo ya notisi na ya likizo ambayo hakuichukua.

Fedha hiyo hulipwa pale mwajiri anapomwachisha mtu kazi. Aliyesaini kuwa ameacha mwenyewe anajifungia mlango.

Hata hivyo, kukataa tu nako kuna hatari. Anayepunguzwa kazini akikataa bila sababu ya msingi kazi nyingine aliyotafutiwa, hata kwa mwajiri mwingine, anaweza kukosa kiinua mgongo.

Kabla ya kusaini

• Omba muda wa kusoma, na nakala ya kila karatasi.

• Usisaini barua ya kuacha kazi kama hujaacha.

• Mkataba mpya utaje tarehe uliyoajiriwa mara ya kwanza, au uwe umelipwa haki zako za zamani.

• Hakiki michango yako NSSF. Uanachama ni wako, hauishi mwajiri anapobadilika.

• Tunza mkataba wa zamani na hati za mishahara.

Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, awe mmiliki wa zamani au mpya.

Aliyeachishwa anapaswa kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Akichelewa, lazima kwanza aombe kuongezewa muda na kueleza sababu. Kwa mama mwenye kichanga, siku hizo hupita haraka, hivyo ni vyema baba au ndugu amsaidie kufuatilia fomu mapema.