Fleti ya Ghorofani na Ardhi Iliyo Chini Yake

Katika mitaa ya kale ya Mombasa, kama vile Majengo, si jambo geni mtu kumiliki nyumba ilhali kiwanja kilichoibeba ni milki ya mwingine, ambaye mwenye nyumba humlipa kodi ya ardhi. Na desturi hiyo, ijapokuwa imewasitiri watu wengi kwa vizazi, imewatia baadhi yao katika mashaka makubwa siku mwenye ardhi alipoamua kuuza. Ajabu ni kwamba wana wa watu hao hao, wakienda Nyali kununua fleti, huuliza habari za vyumba, za maji na za lifti, wala hawaulizi ardhi ni ya nani.

Kwa muda mrefu nchini Kenya mjenzi aliuza fleti kwa mkataba wa kukodisha wa miaka mingi, huku hati ya kiwanja kizima ikibaki mkononi mwake, kwa ahadi kwamba haki iliyosalia ataihamishia kampuni ya usimamizi ambayo kila mnunuzi atakuwa na hisa ndani yake. Na ahadi ile isipotimizwa, mnunuzi hukaa juu ya ardhi ya mwingine, sawa na babu yake.

Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, iliyochukua mahali pa ile ya 1987, imekusudia kuiondoa dhiki hiyo. Ramani ya sehemu ikisajiliwa, rejista ya kiwanja hufungwa, na kila fleti hufunguliwa rejista yake na kupewa hati yake, ambayo ndani yake mna pia fungu la mali ya wote: ardhi, paa, ngazi, ua na mabomba ya pamoja. Fungu hilo haliwezi kutengwa na fleti likauzwa peke yake. Mikataba ya zamani nayo iliagizwa igeuzwe iafikiane na sheria hiyo katika muda wa miaka 2.

Usajili huo huo wa ramani ndio unaozaa shirika la wamiliki, na hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Anayesema hakujiunga nalo hana hoja, kwa kuwa kumiliki ndiko kujiunga. Na mkaazi wa chini anayekataa kuchangia matengenezo ya paa, kwa hoja kwamba mvua haimfikii, anasahau kwamba paa lile ni mali yake kwa kadiri ya fungu lake. Shirika lina wajibu wa kuitunza mali ya wote, kulikatia jengo bima na kukusanya michango. Na wamiliki wakihitilafiana, sheria imeweka kamati ya ndani ya kusuluhisha. Naona ni dhuluma kubwa mwenye fleti kutohudhuria mikutano, kisha akawalaumu wachache waliochoka kuubeba mzigo wake.

Basi mnunuzi, kabla ya kutoa arubuni, na afanye upekuzi rasmi kwa msajili wa ardhi, aione ramani iliyosajiliwa, na apate kwa maandishi kutoka kwa shirika kiasi cha michango ambayo muuzaji hajalipa. Ikiwa kiwanja ni cha kukodishwa na serikali, aulize miaka iliyobaki, kwani sheria hutaka isipungue 21. Tena aweke akiba ya ushuru wa stampu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani: kwa fleti ya shilingi 8,000,000 ni shilingi 320,000, zinazolipwa na mnunuzi kabla jina lake halijaandikwa katika rejista.