Mkate wa Kikuku: Begeli za Mandari

Walimu wenzangu wawili wameniomba niandike habari za mkate niliousimulia niliporudi kutoka Kanada, nilikokaa majira ya joto nyumbani kwa umbu langu katika mji wa Montreal. Mkate huo huitwa begeli. Nimekubali, ila yanipasa kwanza kuungama kosa langu, maana pasipo kosa lile nisingaliujua mkate wenyewe.

Begeli ni mkate wa unga wa ngano uliofanywa mfano wa kikuku, au tuseme mfano wa kata ya kuchukulia mtungi kichwani, ila ni ndogo, yaenea kiganjani. Ngozi yake hung'aa na ni ngumu kidogo. Ndani imeshikamana, hata mlaji hana budi kutafuna kwa bidii. Jina lake latoka katika Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, na asili yake ni neno la Kijerumani cha kale lenye maana ya pete au kikuku.

Mkate huu watajwa katika kanuni za jamii ya Wayahudi wa mji wa Kraków, katika nchi ya Polandi, za mwaka 1610, miongoni mwa mambo ya kuzaliwa mtoto. Wako wasimuliao kwamba ulibuniwa na mwokaji wa Vienna mwaka 1683, ili kumheshimu mfalme Jan Sobieski aliyewashinda Waturuki, na kwamba aliufanya kwa mfano wa kikuku cha kupandia farasi. Ngano hiyo yapendeza kusikiliza, lakini mwaka 1610 hutangulia mwaka 1683, na hilo lamtosha mtu anayejua hesabu. Baadaye Wayahudi wengi walipohama Ulaya ya Mashariki, waliuchukua mkate wao mpaka New York na Montreal. Katika mtaa ule aliokaa umbu langu liko duka lililofunguliwa mwaka 1957 na Myer Lewkowicz, mtu aliyeokoka katika kambi ya Buchenwald. Hata leo huoka kwa tanuru ya kuni, usiku na mchana.

Sasa kosa langu. Tarehe 24 Juni ni Sikukuu ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, nayo ni siku kuu ya jimbo lile la Quebec. Shule zimekwisha kufungwa, jua ni zuri, na watu huenda mandari bustanini. Umbu langu alikuwa amewaalika watoto sita wa majirani, akawaahidi begeli za nyumbani, si za dukani. Lakini yeye ana kazi ya usiku. Akakanda unga, akafinyanga vikuku vyake, akavipanga juu ya sinia, akaniambia, "Kaka, asubuhi chemsha maji, uvitokose kwanza, ndipo uvioke. Usisahau maji."

Sikusahau, nilidharau. Mimi nimeoka mikate ya shule miaka mingi, nami nikasema moyoni, Nani amepata kuona mkate ukitokoswa kama muhogo? Nikaona ni desturi tu ya watu, isiyo na faida. Nikavitia tanurini vikiwa vikavu. Hata nilipofungua mlango, vimevimba vyote, matundu yamezibika, rangi yake imefifia kama uso wa mgonjwa. Mpwa wangu mdogo akachukua kimoja, akakigeuza huku na huku, akauliza, "Mjomba, tundu liko wapi?"

Umbu langu alipofika hakunikemea, na hilo lilinichoma zaidi. Alikwenda kumwita jirani yake, bibi mzee wa Kiyahudi, ambaye wazazi wake walitoka Polandi. Bibi akavunja mkate wangu, akaonja, akasema ni mkate mwema, lakini si begeli. Kisha akatazama saa ukutani, akakunja mikono ya nguo yake. Saa ilikuwa mbili na nusu ya asubuhi, na watoto walikuwa waje saa saba.

Alinieleza sababu ya maji huku akipima unga. Mkate mbichi ukitiwa katika maji yachemkayo, wanga ulio nje huiva mara moja, ukawa mzito wenye kunata kama uji wa kubandikia karatasi. Utando huo ukiingia tanurini hukauka ukawa ngozi, nao huuzuia mkate usiumuke kupita kiasi. Ndiyo maana ndani hushikamana, na ndiyo maana tundu hubaki. Mimi nilikuwa nimeuacha mlango wazi, basi unga ukaenda ulikotaka.

Naye alisema jambo lingine ambalo nimelifikiri sana tangu siku ile. Huko New York waokaji wa begeli walikuwa na chama chao, namba 338, watu wapata 300, na kazi ile ilirithiwa na wana kutoka kwa baba zao. Kila begeli ilifinyangwa kwa mkono. Walipogoma mwezi wa Desemba 1951, mji mzima ulipungukiwa na mkate ule. Kisha Daniel Thompson akabuni mashine ya kuzifinyanga, na mwaka 1963 jamaa ya Lender wa New Haven wakaikodi, wakaoka kwa wingi, wakazigandisha kwa baridi na kuziuza nchi nzima. Kufikia miaka ya 1970 nguvu za chama zilikuwa zimekwisha. Tena viwanda vingi vimeacha kutokosa, huzipitisha begeli katika mvuke tu, maana ni upesi zaidi. Bibi alisema hivyo akinitazama kwa pembe ya jicho, nami nilielewa kwamba amenihesabu pamoja na viwanda.

Basi tulifanya hivi. Unga wa ngano wenye nguvu gramu 500. Maji ya uvuguvugu gramu 290. Hamira kavu gramu 5. Chumvi gramu 10. Asali kijiko kimoja cha mezani. (Waokaji wa Montreal kwa desturi hawatii chumvi, wale wa New York hutia. Bibi hutia, wala hakutaka tubishane.) Maji ni machache kwa makusudi: donge huwa gumu, nalo lataka kukandwa dakika kumi kamili, hata mabega yaume. Mtu akiona taabu akaongeza maji, ameharibu. Ukiisha kukanda, ufunike muda wa saa moja, ukaumuke.

Kisha gawanya sehemu nane. Kila sehemu iviringishe juu ya meza iwe kamba, izungushe nyuma ya vidole vyako vinne, ncha zikutane kiganjani, uzisugue mezani mpaka zishikane. Tundu liwe kubwa kuliko upendavyo, maana litapungua. Ziache zipumzike kama nusu saa. Kujua kwamba ziko tayari, tia moja katika bakuli la maji baridi: ikielea, chemsha sufuria, ikizama, ngoja.

Katika maji yachemkayo tia vijiko viwili vya asali, maana watu wa Montreal hupenda ngozi iwe tamu. Tokosa begeli mbili mbili au tatu tatu, dakika moja upande huu na dakika moja upande wa pili. Ziopoe kwa kijiko cha matundu, uzigandamize juu ya ufuta zikingali na majimaji, uzioke kwa moto wa digrii 220 muda wa dakika ishirini.

Wakati zilipokuwa tanurini, umbu langu alishughulika na matunda. Mwezi ule stroberi za Quebec huanza kuiva, ndogo, nyekundu mpaka ndani. Aliponda gramu 500, akatia sukari gramu 200 na maji ya nusu ya limau, maana stroberi haina nguvu nyingi ya kugandisha, na ukali wa limau huisaidia. Akachemsha akikoroga muda wa dakika ishirini, hata tone moja likidondoshwa katika sahani baridi lisitiririke. Likiisha kupoa, lilichanganywa na jibini laini gramu 250. Likapata rangi ya waridi. Siku ya jua kali chombo chake kifungwe pamoja na barafu, wala lisikae joto zaidi ya saa mbili, maana jibini huharibika upesi.

Tulipanda mlima Mont-Royal, ulio katikati ya mji, wenye kimo cha mita 233. Bustani yake ilifunguliwa mwaka 1876, na aliyeichora ni Frederick Law Olmsted, yeye aliyeshiriki kuchora ile bustani kubwa ya New York. Tulitandika nguo chini ya miti. Begeli zilikuwa nane, watoto walikuwa sita pamoja na mpwa wangu wa saba, na ya nane tulimtengea bibi, aliyepanda polepole akishika mkono wa umbu langu.

Mimi nilikula mikate yangu ya asubuhi, nayo haikuwa mibaya ikipakwa matunda. Mpwa wangu alikuja kukaa karibu nami, akachungulia watu kupitia tundu la begeli yake, kisha akauma kipande na kunipa kilichosalia.