Talaka imeshatoka: kodi na umeme nani analipa?

Neno la talaka hutoka kwa dakika moja, lakini kodi ya nyumba haingoji, wala mita ya umeme haijui kama watu wameachana. Hapa Maskati, kwa joto la Juni mpaka Agosti, kiyoyozi hakizimwi, na bili ya miezi hiyo mara nyingi huzua ugomvi mwengine.

Desturi ya wengi wetu ni hii: mke akishaachwa tu, kaka zake wanakuja na gari, anafungasha nguo, anakwenda kwao siku ile ile. Watu wanaona ndiyo heshima. Kumbe Surat At-Talaq, aya ya 1, inamkataza mume kumtoa mke nyumbani ndani ya eda, na mke naye inamkataza kutoka, ila pakiwepo uchafu wa wazi. Katika talaka rejea, makazi na matumizi ni juu ya mume mpaka eda iishe.

Kwa hivyo la kwanza, andikeni tarehe ya talaka. Bila ya tarehe, mume atasema eda imekwisha, mke atasema bado.

La pili, kaeni na mtu mzima mmoja wa kila upande, mwandike gharama za nyumba. Tuseme kodi ni riali 220, umeme 45, maji 12, intaneti 25. Jumla 302. Mbele ya kila kimoja andikeni nani analipa na siku gani. Eda ikiisha, mita zipigwe picha siku hiyo hiyo.

La tatu, tazameni mkataba una jina la nani. Mke akitaka kubaki baada ya eda, mwenye nyumba aambiwe mapema, mkataba mpya uandikwe kwa jina lake na usajiliwe baladia, na akaunti za umeme na maji zihamishwe. Mume naye asiondoke akaacha jina lake nyuma. Deni litamfuata.

Na watoto jamani? Nafaka yao haiishi na eda, iko juu ya baba. Mkishindwana, ipo mahakama, na ipo sheria ya familia ya Oman, Amri ya Sultani namba 32 ya 1997.

Basi anayekuja na gari kumchukua dada yake, aje kwanza na kalamu.