Kutu ya Ngano na Neno "Ukinzani"

Ngano isagwayo unga uuzwao Buguruni na Kariakoo ina adui aitwaye kutu, jina lililoazimwa kwenye chuma kwa sababu ya vumbi la hudhurungi lifunikalo jani au bua. Mbegu isiyoshindwa naye huitwa kinzani, na wengi hudhani ukinzani huo ni wa daima. Sivyo. Jeni ya urithi iitwayo Sr31 ililinda mabua kwa miaka mingi, hata kutu mpya iliyoonekana Uganda mwaka 1998 ikaishinda. Lr34, mlinzi wa majani, haimzuii adui kuingia. Humchelewesha tu kuenea, nayo imedumu zaidi. Naona heri tuseme "ukinzani wa kuzuia" na "ukinzani wa kuchelewesha", ili mkulima ajue ni upi alionunua.